Hana nyota hata moja: je, atawahi kuanza kikosi cha kwanza?

SWALI: Kocha, salamu kutoka Cedar Rapids, Iowa. Mwanangu ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Urefu wake ni futi 6 na inchi 4, uzito paundi 205. Anacheza futiboli ya Kimarekani kama taitiendi, yule wa mwisho wa mstari anayezuia na pia kudaka pasi, na timu ikipungukiwa wanamweka ukingoni mwa safu ya ulinzi. Tovuti za kusaka vipaji hazijampa nyota hata moja. Chuo kimoja kikubwa kimemwambia aje ajiunge bila skolashipu. Chuo cha Divisheni ya Pili, daraja la pili la michezo ya vyuo, kimemwahidi skolashipu ya nusu. Wenzangu kanisani wanasema mtoto ambaye hakugombaniwa huishia benchi miaka yote minne. Je, ni kweli makocha wanaweza kumtengeneza mtu kama huyu? Na nitajuaje chuo kinachotengeneza na kile cha maneno matamu tu? Mimi nimekulia Uvira, Kongo, mpira ninaoujua ni wa miguu.

JIBU: Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Mimi nami nilifika huku sijui futiboli ni nini. Nilitoka Tanga kuja kurusha tufe, nikaishia kwenye chumba cha vyuma nikiwa kocha wa viungo, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na sita. Mbinu za ubaoni nawaachia wenyewe. Miili ya vijana ndiyo ninayoijua.

Hao wa kanisani wamesema nusu ya ukweli. Vijana wengi wanaoingia chuo kikubwa bila skolashipu hawaanzi mechi hata moja, na wapo wanaoaga kabla mwaka wa pili haujaisha. Ila hawakai benchi kwa sababu hawakugombaniwa. Wanakaa kwa sababu wamefika mahali ambapo hakuna aliyepanga kuwasubiri, au wao wenyewe wamechoka kusubiri. Kumtengeneza mchezaji ni kazi ya miaka miwili hadi mitatu ambayo hana faida yoyote kwa timu. Anakula, analala, anagongwa, anasoma. Lazima awepo mtu aliyekubali kuilipia miaka hiyo. Ndiyo maana swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza.

Tuanze na hizo nyota, kwa kuwa naona zinakunyima usingizi. Ni alama ambazo watu wa tovuti wanampa kijana wa miaka 16 au 17 baada ya kutazama video zake, kumwona kwenye kambi za majira ya joto, na kuangalia ni vyuo gani vimeshamtaka. Hicho cha mwisho hunichekesha: chuo kikubwa kikimwita mtoto leo, kesho kutwa nyota yake imeongezeka, na yeye ni yuleyule wa juzi. Sisemi nyota ni uongo. Wenye nyota nne na tano wengi ni wachezaji kweli, na vyuo vingi vilivyobeba ubingwa viliwajaza. Lakini nyota inasema kijana yukoje leo. Haisemi mifupa yake itabeba nini akifika miaka 21.

Wanaopitwa huwa na sababu zinazojulikana. Wengine wametoka vijijini. Chad Greenway alikuwa kotabeki, yaani mrusha pasi, katika shule ndogo ya South Dakota inayocheza futiboli ya watu tisa badala ya kumi na mmoja, Chuo Kikuu cha Iowa wakamchukua wakamfanya lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya safu, na mwaka 2006 Vikings, timu ya ligi ya kulipwa, wakamchagua katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wanaotoka vyuoni. Leighton Vander Esch alitoka Riggins, Idaho, kijiji cha mtoni ambako timu ya shule ni ya watu wanane. Alijiunga na Boise State bila skolashipu, na mwaka 2018 Cowboys wakamchagua wa 19 katika uteuzi huohuo. Wengine walichelewa kurefuka. Josh Allen alimaliza sekondari California bila ofa ya chuo kikubwa hata kimoja, akaenda chuo cha miaka miwili, akawaandikia makocha barua pepe moja baada ya nyingine, na Wyoming ndio waliomwamini. Mwaka 2018 alichaguliwa wa saba. Wengine hata mchezo wenyewe hawakuwa wanaujua: Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda kusoma chuo cha BYU, akajaribu mpira wa kikapu wakamkataa, akaanza futiboli mwaka 2010, na ilipofika 2013 Detroit wakamchagua wa tano.

Nakuomba usiyasome majina haya kama ahadi. Waliofika wanaandikwa magazetini, waliobaki njiani hakuna anayewaandika, nami nimewazika kimichezo vijana wengi wa aina hiyo. Nayataja ili uone kitu kimoja kinachowaunganisha: kila mmoja alipata mahali palipompa muda, na karibu kila mmoja mwili au nafasi yake uwanjani ilibadilika.

Mwili, basi. Mwanao ana kilo 93 kwenye mita 1.93. Ukingoni mwa safu atakutana na watu wa kilo 120 ambao hawakimbii polepole. Anahitaji kufika kilo 110 hivi, na hapo ndipo wazazi na makocha wabovu wanapoharibu. Kunenepesha mtu ni rahisi, kazi ni kumwongezea uzito bila kumpunguzia kasi. Kwa kijana wa umbo lake mimi hupanga kilo saba au nane mwaka wa kwanza, nne au tano wa pili, zinazobaki zitakuja zenyewe. Kila baada ya wiki chache tunapima anaruka juu kiasi gani akiwa amesimama, na anakimbia yadi kumi kwa muda gani. Uzito ukipanda na mruko ukashuka, tunarudi nyuma. Hiyo ni mafuta, si nguvu.

Niliwahi kuletewa kijana kutoka familia ya wakulima wa mahindi, mrefu kama mnazi. Siku ya kwanza nilimpa fito tupu ya kilo 20 aiweke mabegani achuchumae. Visigino vikanyanyuka, magoti yakaingia ndani, mgongo ukapinda kama anatafuta sarafu sakafuni. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimekaza. Kwa wiki sita hakuongezewa hata sahani moja kwenye ile fito. Alichuchumaa ameshika uzito mdogo wa chuma kifuani, akanyoosha vifundo ukutani asubuhi na jioni, wenzake wakipiga vyuma vizito pembeni na kumtania. Ijumaa ilikuwa siku ya mizani. Wiki ya tatu akapanda kilo mbili kwa mkupuo, nikashangaa. Nikamwambia arudi baada ya saa chache, akishaenda msalani. Aliporudi kilo mbili hazipo: asubuhi alikuwa amekunywa maji lita mbili mlangoni. Hatukugombana. Nilikaa naye tukaandika kila kitu alichokula tangu Jumatatu, na kumbe alikuwa haamki kwa kifungua kinywa, milo miwili kwa siku, na usiku chipsi. Tukaanza upya: mayai manne na uji wa shayiri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maziwa kila mlo, mkate wa siagi ya karanga kati ya vipindi, mlo wa tano kabla ya kulala. Mwaka wa tatu alianza mechi zote upande wa kushoto wa mstari wa kuzuia, wale wanaomkinga mrusha pasi. Miujiza haikuwepo, palikuwa na mayai.

Mwaka wa kwanza vyuo vingi humpa kijana kama huyu kile wanachokiita redshati. Maana yake ni kwamba ana miaka mitano ya kukaa timuni, lakini misimu minne ya kucheza, hivyo msimu mmoja anautumia kukua. Tangu 2018 anaruhusiwa kucheza hadi mechi nne katika mwaka huo bila kuupoteza msimu. Usikubali mtu akwambie redshati ni adhabu. Kwa mtoto wa kilo 93 ni zawadi, ilimradi kuna anayemfundisha.

Hapo ndipo penye kitu ambacho mzazi haoni kwenye runinga. Mchezaji wa redshati hutiwa kwenye kikosi cha kuigiza. Jumanne na Jumatano kikosi hicho huvaa sura ya timu mtakayokutana nayo Jumamosi: kocha anashika kadi kubwa yenye mchoro, vijana wanatazama sekunde chache, wanajipanga, wanapigwa na walinzi wa kikosi cha kwanza. Kisha kadi nyingine. Mara thelathini, arobaini kwa siku moja. Kwa wengi hiyo ni kazi ya kibarua, wanaburuta miguu hadi filimbi ilie. Lakini fikiria: mtoto wa miaka 18 anakutana kila wiki na walinzi wa miaka 22 ambao baadhi yao mwakani watalipwa kucheza. Wapi pengine atapata shule kama hiyo bila kupoteza mechi? Nimeona vijana wawili wenye umbo moja wakiingia pamoja, mmoja akaichukulia kadi kama mzaha, mwenzake kila jioni anabaki dakika kumi na kocha msaidizi akirudia hatua ya kwanza tu. Hatua ya kwanza ya mzuiaji ni fupi, sentimita kumi na tano hivi, na mguu haunyanyuki juu ya nyasi zaidi ya unene wa kidole. Akiinyanyua juu, mlinzi keshamgonga akiwa na mguu mmoja hewani. Kisha mikono: iingie ndani ya mikono ya mwenzako, dole gumba juu, ushike kifua chake kabla hajakushika wewe. Ni mambo ya kuchosha kuyaangalia. Ndiyo yanayomtenganisha anayeanza na anayekaa.

Kuhusu nafasi, jiandae kisaikolojia. Mwanao anapenda kudaka mpira, na taitiendi hudaka. Lakini makocha wanaojua kutengeneza hutazama mabega, viganja, nyayo na urefu wa ukoo, halafu wanajiuliza mtu huyu atakuwa nani baada ya miaka mitatu. Iowa, hapo jirani yako, wana historia ndefu ya jambo hili tangu Kirk Ferentz aanze msimu wake wa kwanza mwaka 1999. Dallas Clark aliingia bila skolashipu akiwa lainibeka, wakamgeuza taitiendi, mwaka 2002 akapewa tuzo ya taitiendi bora wa vyuo nchi nzima. Robert Gallery alikwenda njia ya upande wa pili: aliingia taitiendi, wakamlisha wakamsogeza kwenye mstari wa kuzuia, mwaka 2004 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote. George Kittle alipata skolashipu yake dakika za mwisho, na chuoni alidaka pasi 48 tu kwa miaka yote. Alichokuwa anajifunza ni kuzuia, na baadaye akawa taitiendi maarufu wa ligi ya kulipwa. Kule Kansas State, Jordy Nelson aliingia bila skolashipu, wakamhamishia kwenye kupokea pasi, akachaguliwa raundi ya pili. J.J. Watt alikuwa taitiendi Central Michigan, akaacha skolashipu yake, akarudi nyumbani Wisconsin akipeleka pizza nyumba kwa nyumba, kisha akajiunga na Wisconsin bila hata senti na kuhamia ulinzi. Mwaka 2011 alichaguliwa wa 11.

Kwa hiyo siku kocha akimwambia mwanao "tunakuona kwenye mstari wa kuzuia," asinune. Muulize huyo kocha amewahamisha wangapi na wako wapi sasa.

Neno moja kuhusu vyuo vyenye sifa ya kutengeneza, na nakwambia kama Mwafrika mwenzangu. Ukali wa chumba cha vyuma unaweza kugeuka dharau. Mwaka 2020, hukohuko Iowa, kocha wa viungo aliyekuwepo miaka ishirini na zaidi aliondoka baada ya wachezaji weusi wa zamani kueleza hadharani jinsi walivyotendewa. Chuo kilekile kilichotoa Gallery na Clark. Hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja, kwa hiyo mkienda kutembelea chuo chochote, mwache kijana akae na wachezaji weusi wa mwaka wa nne bila kocha wala baba kuwepo, kisha umsikilize njiani mkirudi.

Sasa ukweli ambao miaka kumi iliyopita nisingekuandikia. Subira ya vyuo vikubwa imepungua. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na mwaka huohuo waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2024 kizuizi cha idadi ya kuhama nacho kikaondolewa. Kocha mwenye pengo kwenye mstari zamani alimtazama kijana wake wa mwaka wa tatu. Leo anafungua orodha ya wanaohama, anamchukua mtu wa miaka 22 aliyeanza mechi ishirini kwingineko. Na tangu 2025, kufuatia suluhu ya kesi mahakamani, vyuo vikubwa vilivyojiunga na mpango wa kuwalipa wachezaji moja kwa moja havina tena kikomo cha skolashipu 85, ila kikosi kizima kisizidi watu 105. Zamani vikosi vingine vilifika 120 na zaidi, na wale wa juu ndio hao wanaojigharamia. Mlango ambao Vander Esch na Clark waliupita haujafungwa, lakini umekuwa mwembamba. Kwa hiyo chuo kikubwa kikimwambia mwanao "njoo," swali la kwanza ni hili: nafasi yake katika hao 105 imehesabiwa, au anaitwa kujaribu Agosti halafu apunguzwe? Aandikiwe kwa barua pepe. Kocha akikwepa kuandika, umeshapata jibu.

Upande wa pili, mabadiliko hayahaya yamemfungulia mwanao njia ambayo zamani ilikuwa ngumu. Kijana anaweza kukulia Divisheni ya Pili, akaanza mechi miaka miwili, akafika kilo 110, halafu chuo kikubwa kikamfuata chenyewe. Siku hizi wasaka vipaji wanazipitia kwa bidii video za divisheni za chini pia. Divisheni ya Pili timu nzima ina thamani ya skolashipu 36, nazo hugawanywa vipande vipande kwa vijana wengi, kwa hiyo skolashipu ya nusu si kidogo. Maana yake kuna mtu aliyekata sehemu nono ya keki yake akampa mwanao, na aliyetoa pesa hufuatilia.

Nitajuaje, umeuliza. Usianze na jengo jipya wala viti vya ngozi vya chumba cha kubadilishia. Fungua orodha ya kikosi kwenye tovuti ya chuo, chukua wanaoanza mechi, andika kila mmoja yuko mwaka wa ngapi na alitokea wapi. Wakiwa wengi ni wa mwaka wa nne na wa tano waliofikia hapo tangu mwaka wa kwanza, hapo kuna shamba. Wakiwa wengi wamehamia kutoka vyuo vingine, hapo ni sokoni, na mtoto wako atakuwa mteja wa benchi. Fungua pia orodha ya miaka mitatu nyuma: wale waliosajiliwa pamoja wamebaki wangapi? Kisha ulizia kocha wa viungo na kocha wa mstari wamekaa muda gani. Mimi nimeshuhudia chuo, sikitaji, kikibadilisha kocha mkuu mara mbili ndani ya miaka mitatu. Kila aliyekuja alikuja na mipango yake. Kijana mmoja aliambiwa aongeze kilo kumi, akaongeza, kocha mpya akamwambia ni mzito mno azitoe. Alimaliza chuo na goti bovu na mechi moja.

Ungeniuliza nichague mimi, kwa uliyonieleza, ningeelekea Divisheni ya Pili, isipokuwa chuo kikubwa kimeandika kwamba yumo kwenye 105, kina orodha ya watu wa mwaka wa nne waliokulia palepale, na wewe una uwezo wa kulipa mwaka wa kwanza bila kukopa kwa riba ya kuumiza. Vyote vitatu, sio viwili. Wapo makocha watakaokupinga, watasema mwogeleaji hujifunzia bahari kuu. Mimi nimeona wengi walioanzia kina kifupi wakaogelea.

Wakati huo kuna ya nyumbani. Hakikisha ana masomo 16 ya msingi yanayotambuliwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Bila hivyo Divisheni ya Kwanza hachezi hata akiwa na kifua cha nyati. Mwalimu mshauri wa shule atakuonyesha orodha, ombeni wiki hii na si Mei. Kama anacheza mchezo mwingine, mieleka au kurusha kisahani au kikapu, asiache. Makocha wengi ninaowafahamu hutazama video ya mieleka ya mtoto kabla ya kumaliza ile ya futiboli, kwa kuwa mieleka inaonyesha nyonga na mizani ya mwili wazi kuliko kitu kingine.

Na chakula. Mama yake akipika bugali na sombe (kisamvu) na samaki, asidhani ni chakula cha kienyeji kisichofaa mwanamichezo. Kinafaa sana, aongeze tu samaki na maharage, apunguze soda. Mpime kila Ijumaa asubuhi kabla hajala wala kunywa, andika kwenye karatasi ya jokofu. Akitoka hapo alipo hadi kilo 97 ifikapo Juni, na mruko wake haujashuka, niandikie tena kabla hamjasaini popote.